Nani kashika kufuli? Namna ya kuchunguza makufuli na mikwamo ndani ya hifadhidata

Karani anapobonyeza kitufe na ukurasa ukabaki unazunguka bila ya jibu, husema neno moja tu: sistimu imeganda. Fundi aliyeitwa huangalia waya wa mtandao, huangalia nafasi iliyobaki kwenye diski, kisha huangalia prosesa ya seva na kuikuta imetulia, haina kazi. Utulivu huo ndio unaomchanganya zaidi, kwani mashine iliyozidiwa huonekana ikihangaika, ilhali hii imekaa kimya kana kwamba hakuna aliyeiomba kitu. Mara nyingi kimya cha namna hiyo kina maana moja: waliomo ndani ya hifadhidata wanangojeana. Wanamngoja nani, na huyo anayengojwa anafanya nini, ndilo jambo ninalotaka kulifafanua hapa.

Kuna mambo mawili ambayo hata mafundi wazoefu huyachanganya. La kwanza ni kungojea kufuli: mmoja ameshika, wengine wamepanga foleni nyuma yake, na wakati wowote atakapoachia foleni itasogea. La pili ni mkwamo: wawili au zaidi wamekabana kwa namna ambayo hakuna hata mmoja awezaye kuachia alichonacho kabla ya kupata kile alichokishika mwenzake, na wakiachwa hivyo watabaki hivyo daima. Mkwamo ndio wenye jina la kutisha, lakini kwa uzoefu wangu ndio mwepesi kutibika, kwa sababu hifadhidata yenyewe huugundua, huuvunja na huandika habari zake. Foleni ya kawaida haina wa kuisemea.

Tuchukue jambo tunalolijua. Meli itokayo Malindi, Unguja, kwenda Mkoani, Pemba, hukatiwa tiketi katika ofisi zaidi ya moja. Ndani ya hifadhidata kuna jedwali la safari, na kila safari ina mstari wake mmoja wenye idadi ya nafasi zilizobaki. Imebaki nafasi moja. Karani wa Malindi anaisoma, karani wa Mkoani anaisoma, kila mmoja anaona 1, kila mmoja anauza na kuandika 0. Abiria wawili, kiti kimoja. Kufuli limewekwa ili jambo hilo lisitokee: anayetangulia kuubadilisha mstari huushika, na wa pili husubiri mpaka wa kwanza amalize, kisha huisoma hesabu mpya na kukuta nafasi zimekwisha.

Neno la kulizingatia hapo ni «amalize». Kufuli la mstari halishikwi mpaka amri iishe, bali hushikwa mpaka muamala wote (kundi la amri zinazohesabiwa kuwa kazi moja) uishe, yaani mpaka programu iseme «thibitisha» au «tengua». Mwaka 1976 watafiti wanne wa IBM, Eswaran, Gray, Lorie na Traiger, walionyesha kwamba muamala ukishaanza kuachia makufuli haufai tena kuchukua mapya, la sivyo mambo yatakayoandikwa hayatalingana. Na hifadhidata za leo huchukua tahadhari zaidi kwa kuyashikilia makufuli ya uandishi mpaka mwisho kabisa. Kwa hivyo amri iliyochukua sehemu moja ya elfu ya sekunde inaweza kuacha kufuli likashikwa nusu saa, ikiwa muamala ulioibeba haukufungwa. Asiyelielewa hili atatafuta amri iliyo nzito na asiione, kwa sababu haipo.

Sasa tuuone mkwamo kwa karibu. Abiria aliyekata tiketi ya Alhamisi anataka kusafiri Ijumaa. Programu hufanya mambo mawili ndani ya muamala mmoja: inairudisha nafasi ya Alhamisi, kisha inachukua nafasi ya Ijumaa. Tuseme safari ya Alhamisi ni namba 412 na ya Ijumaa ni 415:

UPDATE safari SET nafasi = nafasi + 1 WHERE id = 412;
UPDATE safari SET nafasi = nafasi - 1 WHERE id = 415;

Wakati huohuo karani mwengine ana abiria wa Ijumaa anayetaka kuwahi Alhamisi. Programu ni ileile na utaratibu ni uleule wa kurudisha kwanza na kuchukua baadaye, ila kwake yeye inaanza 415 na kumalizia 412. Wa kwanza ameshika 412 na anaitaka 415. Wa pili ameshika 415 na anaitaka 412. Hakuna aliyekosea, na hakuna amri hata moja kati ya hizo nne yenye kasoro. Ni kama hamali wawili wenye rikwama zilizojaa waliokutana katikati ya kichochoro cha Mji Mkongwe: kila mmoja ana haki ya kupita, na njia haitafunguka mpaka mmoja wao arudi nyuma.

Mwaka 1971 Edward Coffman na wenzake wawili, Elphick na Shoshani, waliandika kwamba mkwamo hauwezi kutokea ila yakikutana masharti manne: kitu kiwe cha kushikwa na mmoja tu kwa wakati, aliyeshika aruhusiwe kungojea kingine huku bado ameshika cha kwanza, asiweze kunyang'anywa, na wangojeaji wawe wameunda duara. Ukiliondoa sharti moja, mkwamo hauwezi kuwapo. Hifadhidata haina budi kuyakubali masharti mawili ya mwanzo, kwani bila ya hayo hesabu ya viti itavurugika. La tatu hulivunja kwa nguvu pale inapobidi, kwa kumnyang'anya mmoja. La nne, lile la duara, limebaki mikononi mwa mwandishi wa programu, na huko ndiko dawa iliko.

Kila hifadhidata ina desturi yake ya kulitafuta duara. PostgreSQL haikimbilii kutazama, kwani kutazama kuna gharama na foleni nyingi huisha zenyewe. Humwacha mngojeaji asubiri kwa muda uliowekwa katika deadlock_timeout, ambao kwa kawaida ni sekunde 1, ndipo huchunguza kama kuna duara. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, huchunguza papo hapo mtu anapoanza kungojea. SQL Server ina mlinzi wake anayezunguka kila baada ya sekunde 5, na akikuta mikwamo huongeza kasi ya kuzunguka. Duara likionekana, mmoja hutolewa kafara na muamala wake hutenguliwa. SQL Server humchagua yule ambaye kumtengua kuna gharama ndogo, isipokuwa programu iwe imetaja nani wa kutangulizwa. InnoDB humwangalia aliyebadilisha mistari michache. Katika PostgreSQL haifai kutegemea kwamba fulani ndiye atakayeponyoka, kwani kwa kawaida anayeligundua duara ndiye anayejitoa.

Hayo yote hutokea ndani ya sekunde chache, na aliyetolewa hupewa ujumbe wa kosa. Linganisha na foleni ya kawaida. Katika PostgreSQL, lock_timeout ikiwa haikuwekwa ina thamani ya 0, maana yake mngojeaji atangoja bila ya kikomo. SQL Server nayo, ikiachwa ilivyo, haiweki kikomo. InnoDB humwachia mngojeaji wa mstari sekunde 50, kisha humrudishia kosa. Na sekunde 50 mbele ya dirisha la tiketi siku ya mkesha wa Idd ni muda mrefu kuliko unavyosikika.

Nilijifunza tofauti hiyo siku kama hiyo hasa. Tulikuwa tukiihudumia programu ya tiketi ya ofisi moja, na watu walikuwa wamefurika mpaka nje, wengi wao wakiwa na watoto na mizigo, kila mmoja akitaka kuiwahi sikukuu kwao. Saa nne asubuhi simu ikaja: «Maalim, mashine zote zimeganda, hata ya kuchapisha risiti.» Risiti haina uhusiano wowote na nafasi za meli, na kwa sababu hiyo nilianza kwa kushuku mtandao, nikapoteza robo saa. Seva ilikuwa shwari. Nilipoingia ndani ya hifadhidata, ndipo nikaandika amri ambayo ningepaswa kuianza:

SELECT pid, state, wait_event_type, now() - xact_start AS umri,
       pg_blocking_pids(pid) AS wazuiaji, query
FROM pg_stat_activity
WHERE cardinality(pg_blocking_pids(pid)) > 0;

Jedwali la pg_stat_activity huonyesha kila muunganisho uliopo: namba ya mchakato wake (kazi ya seva inayouhudumia), hali yake, amri yake ya karibuni na muamala wake ulianza lini. Kazi ya pg_blocking_pids, iliyopo tangu toleo la 9.6 la PostgreSQL, ni kutaja namba za wanaomzuia mchakato fulani. Ilitokea mistari mingi ya wangojeaji, wote wakiigusa safari moja ya alasiri. Kwa mtazamo wa haraka aliyekuwa juu ya orodha alionekana ndiye mkosa, kwa sababu alikuwa amengoja kuliko wote. Hilo ndilo kosa la kwanza analolifanya mtu mwenye haraka: kumwadhibu mngojeaji. Aliyengoja sana ni aliyeonewa sana.

Kosa la pili limejificha zaidi. Amri ile huwataja wangojeaji tu. Aliyeshika kufuli, ikiwa yeye mwenyewe hamngoji mtu, hatokei katika orodha hiyo isipokuwa kama namba ndani ya safu ya wazuiaji. Tena wangojeaji hawamtaji wote yeye moja kwa moja. PostgreSQL inapokuwa na wengi wanaoutaka mstari mmoja, wa mbele ya foleni hungojea muamala wa mshikaji uishe, na waliobaki hungojea zamu kwa huyo wa mbele. Kwa hivyo wa tatu humtaja wa pili, wa nne huweza kuwataja wawili au zaidi, na anayeishia kwenye jina la kwanza alilolikuta atamfukuza mngojeaji mwenzao na foleni itabaki palepale. Inatakiwa kupanda mnyororo namba kwa namba mpaka kumfikia yule ambaye yeye mwenyewe hazuiwi na mtu. Huyo ndiye mzizi.

Mzizi wetu ulikuwa na hali iliyoandikwa «idle in transaction», yaani yumo ndani ya muamala lakini hafanyi kitu. Umri wa muamala wake ulikaribia dakika 40. Amri iliyoonekana mbele yake ilikuwa ya kusoma jina la abiria, amri isiyomdhuru mtu, na hapa pana mtego wa tatu: safu ya query huonyesha amri ya mwisho iliyotumwa na muunganisho ule, siyo iliyochukua kufuli. Kufuli lilichukuliwa kabla, na amri nyengine mbili au tatu zisizo na hatia zimepita juu yake na kuuficha ushahidi.

Tulipouliza, jibu lilikuwa la kibinadamu kabisa. Bi mkubwa mmoja alifika dirishani, karani akafungua ukurasa wa tiketi yake, kisha ikabainika kwamba kitambulisho kimebaki kwa mjukuu aliyekwenda Darajani. Karani akamwacha akisubiri pembeni na akahamia kompyuta ya pili ili asiwacheleweshe wengine. Alifanya uungwana. Aliyekosea ni sisi tuliounda programu, kwa sababu ukurasa ule ulikuwa ukianza muamala na kuushika mstari wa safari kwa SELECT ... FOR UPDATE, amri inayosoma mstari na kuushika hapohapo, pale unapofunguliwa, na haukuuachia mpaka karani abonyeze «hifadhi». Tuliufunga muamala wa kompyuta kwa muda wa mwanadamu: muda wa kutafuta kitambulisho, wa kuhesabu chenji, wa kwenda kusali. Nimekutana na kosa hilohilo mara nyingi tangu siku ile, katika programu za watu makini.

Kwa nini risiti nazo ziliganda? Kwa sababu programu huwa na idadi maalumu ya miunganisho, na PostgreSQL yenyewe, ikiachwa ilivyo, hupokea miunganisho 100. Kila karani aliyejaribu kuiuza safari ile alichukua muunganisho mmoja na kubaki nao akingoja. Aliyechoka akabonyeza tena, akachukua mwengine. Ilipofika kiasi, hapakuwa na muunganisho uliobaki hata kwa kazi isiyohusika. Hivyo ndivyo mstari mmoja unavyoweza kuigandisha ofisi nzima. Kuna jambo jengine tuliloligundua baadaye, nalo lafaa lisemwe kwa sababu halijulikani sana. Kuingiza tiketi mpya yenye kurejea mstari wa safari huhitaji kufuli jepesi juu ya mstari huo, kuhakikisha kwamba safari haifutwi. Kubadilisha nafasi peke yake hakupingani na kufuli hilo jepesi, tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013. Lakini FOR UPDATE hupingana nalo. Laiti tungetumia FOR NO KEY UPDATE, ambayo hushika kwa wepesi zaidi, baadhi ya wale waliokuwa wakiingiza taarifa za tiketi tu wasingengoja.

Kumwondoa mzizi nako kuna adabu yake. PostgreSQL ina amri mbili: pg_cancel_backend, inayoikatiza amri inayoendelea, na pg_terminate_backend, inayoukata muunganisho wenyewe. Kwa mchakato uliokaa tu ndani ya muamala, ya kwanza haifai kitu, kwani hakuna amri ya kukatizwa. Inabidi itumike ya pili. Kabla ya kuitumia, andika mahali namba ya mchakato, umri wa muamala, jina la programu, anwani ya kompyuta na amri iliyoonekana. Ukishaukata, ushahidi wote huondoka nao, na ofisi iliyopumua haitakuwa tena na subira ya kukusaidia kuutafuta.

Upo msongamano mwengine unaofanana na huo kwa nje, nao hutokea fundi anapobadilisha umbo la jedwali. Kwa kawaida, katika PostgreSQL wanaosoma hawawazuii wanaoandika na wanaoandika hawawazuii wanaosoma. Lakini aina nyingi za ALTER TABLE, amri ya kubadilisha umbo hilo, hutaka kufuli kubwa kuliko yote, lisilokubaliana hata na msomaji. Fundi huona kwamba kuongeza safu moja ni kazi ya kufumba na kufumbua, naye ni mkweli. Asichokiona ni ripoti ndefu iliyoanza dakika 20 kabla na bado inalisoma jedwali hilo. ALTER TABLE inajipanga nyuma ya ripoti, na kila msomaji mpya anajipanga nyuma ya ALTER TABLE, ijapokuwa angeweza kusoma pamoja na ripoti bila ya tatizo. Ripoti haijamzuia msomaji yeyote. ALTER TABLE haijaanza. Na jedwali halisomeki. Desturi yetu sasa ni kuiwekea kazi ya namna hiyo lock_timeout ya sekunde chache, ili ikishindwa kupata kufuli ijiondoe, watu wapite, nasi tujaribu tena baadaye.

Nirudi kwenye mkwamo wa 412 na 415, kwa sababu habari zake, ingawa zimeandikwa, husomwa vibaya. Ripoti ya PostgreSQL husema kwamba mchakato 21804 unangojea ShareLock juu ya muamala 918823 na umezuiwa na mchakato 21811. Na mchakato 21811 unangojea ShareLock juu ya muamala 918822 na umezuiwa na 21804. Wengi husimama hapo wakiuliza mbona halitajwi jedwali wala mstari, na hili kufuli la kushirikiana limetoka wapi wakati wote wawili wanaandika. Sababu ni kwamba PostgreSQL haiyaweki makufuli ya mistari katika orodha iliyomo ndani ya kumbukumbu ya muda ya seva (RAM). Huyaandika juu ya mstari wenyewe, kwa kuuachia namba ya muamala ulioushika. Kila muamala ulioandika hushika kufuli la pekee juu ya namba yake, na anayeutaka mstari huo huomba kushirikiana katika namba hiyo, ombi ambalo haliwezi kukubaliwa mpaka mwenyewe amalize. Kungojea ShareLock juu ya muamala, kwa hivyo, ni namna ya kusema «namngoja fulani amalize kazi yake». Ndiyo maana pia anayeyatafuta makufuli ya mistari ndani ya pg_locks, orodha ya makufuli ya seva, hayakuti, akadhani hayapo.

Baada ya hapo, kumbukumbu za seva (logi) hutaja amri ambayo kila mchakato ulikuwa ukiitekeleza walipokabana. Amri hizo zitakuwa ni ya pili ya kila muamala: huyu anaitaka 415, yule anaitaka 412. Zisome mara kumi, hutaona kosa, kwa sababu ripoti huonyesha walipokutana na haionyeshi walikotoka. Chanzo cha mkwamo kimo katika amri ya kwanza, ile iliyofaulu, na amri iliyofaulu haikuandikwa popote. Nimewaona watu wakizipamba amri za pili kwa siku nzima, wakiziongezea fahirisi, na mkwamo ukarudi jioni.

Ili kuzipata amri za kwanza, fungua msimbo wa programu na uufuate muamala tangu unapoanza. Ikiwa programu ni kubwa na hujui amri ilitoka wapi, iagize seva iandike kila amri kwa muda mfupi, na uhakikishe kwamba mwanzo wa kila mstari wa kumbukumbu una saa, namba ya mchakato na jina la programu. Kisha zichambue amri za mchakato 21804 peke yake, na za 21811 peke yake, na uzipange sambamba kwa saa. Tahadhari moja: ukiweka log_statement katika «mod», seva itaandika amri zinazobadilisha data au umbo la majedwali tu, na SELECT ... FOR UPDATE haimo humo ingawa inashika makufuli kama wenzake. Katika kutafuta mkwamo weka «all», kisha usisahau kuizima, kwani kumbukumbu hujaa upesi.

Wanaotumia hifadhidata nyengine wana mitego yao. Katika MySQL, amri ya SHOW ENGINE INNODB STATUS huonyesha mkwamo wa mwisho tu. Ikitokea miwili kwa saa moja, wa kwanza umeshafutika, na ndiyo maana yafaa kuwasha innodb_print_all_deadlocks ili yote iandikwe. Tangu toleo la 8.0, makufuli yenyewe husomwa katika data_locks na data_lock_waits ndani ya performance_schema. InnoDB pia hushika nafasi tupu zilizo baina ya mistari, kwa hivyo watu wawili wanaweza kukwamana kwa kuingiza mistari isiyofanana hata kidogo. SQL Server huihifadhi michoro ya mikwamo katika kipindi cha system_health ambacho huwa kimewashwa tangu mwanzo, na ni hasara kwamba wengi hawajui kuwa wanacho. Na namba ya kosa 1205 isikudanganye: katika SQL Server maana yake ni kwamba umetolewa kafara katika mkwamo, katika MySQL maana yake ni kwamba umengoja kufuli mpaka muda ukaisha, na mkwamo huko ni 1213.

Tofauti hiyo si ya majina tu. InnoDB hutengua muamala wote katika mkwamo, lakini muda wa kungoja ukiisha, kwa kawaida hutengua amri moja tu na kuuacha muamala wazi na makufuli yake. Oracle nayo, inapotoa kosa la mkwamo, ORA-00060, hutengua amri iliyokwama peke yake. Programu isiyojua hilo ikaendelea mbele itathibitisha nusu ya kazi: nafasi ya Alhamisi imerudishwa, ya Ijumaa haikuchukuliwa, na abiria ana tiketi isiyo na kiti. Kwa hivyo popote ulipo, ukipata kosa la namna hii tengua muamala wote mwenyewe na uuanze upya kutoka amri ya kwanza, baada ya kusubiri kidogo kwa muda usiolingana baina ya mtu na mtu ili msigongane tena palepale.

Katika uangalizi wa kila siku, mambo machache yanatosha. Tumewasha log_lock_waits, ili kila anayengoja kupita deadlock_timeout aandikwe pamoja na anayemzuia. Habari hizo zimetufaa kuliko chati zote tulizowahi kuzichora. Tunahifadhi kila baada ya dakika moja hesabu ya safu ya deadlocks katika pg_stat_database, ambayo huongezeka tu, kwa hivyo kinachotazamwa ni imepanda kwa kiasi gani tangu jana. Tunatazama umri wa muamala mkongwe kuliko yote, na ukipita dakika 2 mchana tunapigiwa simu. Hatuiiti pg_blocking_pids kila sekunde, kwani nayo hulisimamisha kwa muda mdogo daftari la makufuli la seva nzima. Na tumeweka idle_in_transaction_session_timeout, ili muunganisho uliokaa bure ndani ya muamala ukatwe wenyewe. Hiyo ya mwisho ni ngao. Tiba ilikuwa kuuandika upya ukurasa wa tiketi, ukasoma bila ya kushika, na ukashika pale tu karani anapobonyeza «hifadhi».

Tiba ya 412 na 415 ilikuwa fupi kuliko maelezo yake. Kabla ya kubadilisha chochote, muamala huishika mistari yote unayoihitaji kwa mpangilio mmoja, ndogo kabla ya kubwa, bila ya kujali abiria anatoka wapi na anakwenda wapi:

SELECT id FROM safari WHERE id IN (412, 415) ORDER BY id FOR UPDATE;

Sasa makarani wote wawili huanza 412. Wa pili hungoja kidogo, wa kwanza humaliza, duara halipati pa kuungana. Kwa siku kadhaa hesabu ya mikwamo ilisimama. Kisha ikapanda tena, usiku wa manane, saa ambayo hakuna dirisha lililo wazi isipokuwa la wanaokata tiketi kwa simu.

Mara hii hatukuzigusa amri zilizotajwa katika ripoti. Tulikwenda moja kwa moja mwanzo wa kila muamala, na mmoja wao ukawa ni kazi ya usiku inayohesabu upya nafasi za safari zote zijazo kwa UPDATE moja. UPDATE haina ORDER BY katika PostgreSQL. Huishika mistari kwa mpangilio inaoikuta ndani ya jedwali, na mstari uliobadilishwa mara nyingi huhama mahali pake, kwa hivyo 415 ilikuwa imetangulia 412. Tuliiongezea kazi hiyo mstari uleule wa kushika kwanza kwa ORDER BY id, ndani ya muamala wake, na tukaiacha hesabu iendelee kuhifadhiwa kila dakika.